Hila Isiyo na Uongo

Achieng' alinipigia simu asubuhi nikiosha vyombo, akaniambia mama yake amelala. Hakusema amekufa, sisi wazee hatuambiwi hivyo. Nikajibu, "Pole mwanangu, pole sana," na mkono wangu mmoja ulikuwa bado ndani ya maji ya sabuni, nikauacha humo humo mpaka maji yakapoa. Kisha akasema jambo lililonikalisha chini. "Mama, familia imekubaliana wewe utasema machache siku ya mazishi. Wewe ndiye ulikuwa jagam wake. Hakuna mwingine amebaki." Jagam, kwa msiotujua sisi Wajaluo, ni mtu wa kati katika ndoa. Ndiye anayewajulisha mume na mke, ndiye anayekwenda kutazama boma la upande wa pili na kurudi kusema aliyoyaona. Ndoa ikisimama, anasifiwa mpaka kaburini. Ikianguka, analaumiwa yeye. Ndoa ya Atieno, mama yake Achieng', haikuanguka. Ilisimama zaidi ya miaka hamsini, ikaleta watoto saba, na mimi nimesifiwa kwa ajili yake katika kila arusi na kila kilio nilichohudhuria huko Kisegi alikoolewa. Sasa nimezeeka, nakaa zangu hapa Migori mjini, magoti yameshanikana, na mzigo huu nimechoka kuubeba. Nitausema mwaka ule kama ulivyokuwa. Na tafadhali msinihurumie. Nawajua, mtataka kunihurumia.

Bendera ya nchi ilikuwa bado mpya, na ziwa lilikuwa limepanda likala ufuo wa Homa Bay, hata watu waliokuwa wakianika samaki mahali fulani miaka yote wakakuta mahali penyewe pana maji ya kiuno. Mimi na Atieno tulikuwa wasichana wa Uriri, miaka ishirini kila mmoja, tumekuja mjini kufanya kazi kwa Mzee Salim, mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka pwani akafungua duka la vitambaa karibu na soko. Mzee aliuza vitambaa, na mkewe, Bi. Zena, alisimamia ushonaji. Cherehani ilikuwa moja, ya miguu, imewekwa barazani ili kila apitaye aione. Wasichana wawili, cherehani moja; mnaona wenyewe. Aliyeshona ni Atieno. Mimi nilikata nyuzi, nikafunga vifungo, nikapinda mapindo kwa mkono, na jioni nikafagia vipande. Si kwamba nilionewa, la. Atieno alikuwa fundi kwelikweli: mtu akipita tu barabarani, yeye alishajua kiuno chake bila kushika futi. Mimi nilipima mara mbili na bado mkono mmoja wa blauzi ulitoka mrefu kuliko mwenzake. Lakini moyo hausikii hoja. Kila nilipoiona miguu ya Atieno ikikanyaga ile pedali, nilikuwa nahesabu siku ambayo miguu itakuwa yangu.

Tulilala chumba kimoja nyuma ya duka, kitanda kimoja cha kamba, blanketi moja, na harufu ya kitambaa kipya cha marekani iliyopenya hata kwenye ugali. Asubuhi tulikula uji wa mtama, jioni ugali na omena, dagaa wetu wa ziwani, na Ijumaa Bi. Zena alitupakulia pilau katika sahani moja ya bati, tukala kwa vidole tukigombania ukoko. Atieno aliniita mbasna, ambalo kwetu ni neno la kumwita mtu wa rika lako aliyekaa karibu na moyo. "Mbasna, nikune mgongo." "Mbasna, nani amemaliza sabuni?" Sijui kama aliwahi kulitumia jina langu nililobatizwa. Aliniamini mpaka akawa ananipa barua za nyumbani nimsomee wakati yeye anashona, ingawa alijua kusoma vizuri kuliko mimi.

Bi. Zena alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kupasua kuta, na hakuweza kuvumilia Kiswahili chetu. Sisi tulisema "hii maneno", "hii kitu", naye alishika kichwa. "Maneno haya, wanangu! Maneno haya! Mwaniua jamani." Ikawa kila siku anatufundisha neno, na mimi ndiye niliyelishika, kwa sababu Atieno alikuwa na kazi ya mikono na mimi nilikuwa na nafasi ya masikio. Siku moja akaja karani wa ofisi fulani kuchukua shati ambalo mimi nilikuwa nimelikata, na mikono yake, kama kawaida yangu, haikulingana. Jasho lilinitoka. Kabla hajaliona kosa nikamwambia, "Mzee, siku hizi watu wa ofisi hawaachi mikono hivi, wanaikunja." Nikamkunjia yote miwili mpaka kwenye kiwiko, nikarudi nyuma nikamtazama kama ninayependezwa. Yule bwana akaondoka kifua mbele. Bi. Zena alicheka mpaka akakalia gunia. "Mjanja wee! Mjanja mkubwa wee!" Nilijaa fahari. Kwangu mimi, niliyekuwa sijui kushona, hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya kwanza niliyopata katika nyumba ile.

Alipomaliza kucheka akafuta macho kwa ncha ya leso, akaniambia kwa sauti ya chini, "Lakini mwanangu, ujanja una jirani mbaya, nyumba zao zimeshikana ukuta. Huyo jirani yuaitwa hila." Nikamwambia si ni uongo tu. "La! Mwongo ana shida gani? Mwongo utamshika kwa maneno yake mwenyewe. Mwenye hila, kila neno lake la kweli. Yuayapanga tu. Akuonyesha hili, akuziba lile kwa mgongo wake, wewe waondoka wamshukuru." Nilirudia neno hilo kimoyomoyo kama nilivyorudia mengine, hila, hila, nikaona ni neno jepesi, zuri mdomoni. Sikujua nilikuwa naonyeshwa kisima nitakachokuja kutumbukia.

Wiki hiyo hiyo, mchana mmoja, Atieno alikuwa amekwenda kuteka maji nami nimejinyoosha chumbani nikiumwa na kichwa. Ukuta baina yetu na sebule ya wenyewe ulikuwa wa mbao tu. Nikamsikia Mzee Salim akisema, "Shule zikifungua na hizi sare zikiisha, mmoja arudi kwao. Cherehani ya pili sinunui." Bi. Zena akauliza, "Yupi?" Mzee akajibu, "Wewe wajua yupi." Hakukuwa na haja ya kutaja jina. Nililala pale nikitazama mabati. Kurudi Uriri maana yake ilikuwa jembe, na baada ya jembe, mzee yeyote ambaye angekuja na ng'ombe. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa mpaka nikahisi baridi mchana wa Homa Bay. Atieno aliporudi na mtungi, nikamsaidia kuutua, nisimwambie kitu.

Odera aliingia katika mambo yetu kwa njia ya mashati. Alikuwa mtu wa Kisegi, mwenye mashua mbili za kuvulia, na alikuja Homa Bay kila baada ya wiki mbili na samaki waliokaushwa. Alivaa viatu vya ngozi hata kwenye matope, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya ambao wasichana waliupenda. Alishonesha mashati matatu asiyoyahitaji. La nne ndipo alipomwambia Atieno lililomleta, na Atieno, bila kusimamisha pedali, akamjibu mbele yangu. "Mimi sitaki kuwa bibi ya pili. Mama yangu ni wa tatu, najua vile hiyo maneno inakaa. Bora nizeeke hapa nikishona shimizi za watu. Kama uko na mtu, sema sasa, tuachane vizuri." Odera akacheka akionyesha mwanya. "Mimi niko na nani? Si utume mtu akuje aone boma na macho yake?" Atieno akanigeukia. Kwa desturi jagam huwa mama mtu mzima, na shangazi yake Atieno ndiye angekwenda, lakini mguu wa shangazi ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii. "Mbasna ataenda," akasema. "Macho yake ni macho yangu."

Nilipanda lori la samaki mpaka Sindo, kutoka hapo nikatembea na Odera mpaka kwao. Tulifika kabla ya adhuhuri. Boma lilikuwa zuri, sitalidharau: ua wa miti iliyokatwa vizuri, ghala mbili zimejaa, mtama umesimama mrefu mpaka nyuma ya nyumba. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, akanipa kiti chenye mgongo, nikaletewa kuku na ugali wa wimbi, na mchuzi ulikuwa mtamu nikalamba vidole. Akaniambia habari za mabinti zake, wote wanne wameolewa mbali, hata mmoja hayupo wa kumtekea maji, "nimebaki na kijana wangu huyu tu." Niliyashika maneno hayo bila kujua nitayafanyia nini. Kutoka jikoni nilisikia wanawake wawili wakinong'ona. Mmoja akauliza, "Wamempeleka wapi?" Mwingine akamwambia, "Nyamaza, mgeni anasikia." Mgeni alisikia. Mgeni aliendelea kutafuna.

Baada ya chakula nikaomba kuona simba. Hiyo kwetu ni nyumba ndogo ya kijana wa kiume, hujengwa karibu na lango, na hata akioa huanzia maisha humo na mkewe kabla hajahama kujenga boma lake. Odera akasukuma mlango. Ndani mlikuwa na kitanda, taa ya chemni, sanduku la bati, koti msumarini. Hakuna leso, hakuna chungu, hakuna kiondo. Mtu wa kabila jingine angetazama akasema haya, kijana huyu yuko peke yake. Lakini mimi nimelelewa Uriri, nikatazama chini. Sakafu ilikuwa imesiribwa upya kwa samadi, siku mbili tatu tu, bado kijani, na vidole vilivyoisiriba vilikuwa vimechora nusu duara, moja juu ya nyingine, kwa subira, toka ukutani mpaka mlangoni. Mwanamume hasiribi hivyo. Mama mzazi haingii ovyo katika simba ya mwanawe, seuze kupiga magoti humo akisiriba. Kazi hiyo ni ya dada zake, na dada wote nilikuwa nimekwisha kuambiwa waliko. Aliyebaki ni mke. Na pembeni, karibu na mguu wa kitanda, palikuwa na alama ya kiganja kidogo, vidole vitano, cha mtoto aliyetambaa kabla samadi haijakauka.

Nilisimama mlangoni muda gani sijui. Odera alikuwa nyuma yangu, akaona ninapotazama. Hakukana. Alisema taratibu, "Wewe ni mjanja, hata Bi. Zena anasemanga. Usiharibu mambo kwa kitu kidogo. Huyo anarudi kwao, hatukai vizuri. Atieno akikuja, atakuta kumeisha." Ningeweza kumwuliza huyo ni nani, na kwao ni wapi, na mtoto je. Ningeweza kutoka nje nikapiga kelele watu wakajaa. Nikawaza cherehani. Haki ya Mungu, mbele ya kiganja kile cha mtoto, nikawaza cherehani, na jinsi nitakavyokishusha kile kiti kidogo kwa sababu Atieno alikuwa mrefu kuliko mimi. Nikamwambia Odera, "Mimi nitasema niliyoona." Akatabasamu. Alikuwa amenielewa kabla mimi sijajielewa.

Nilirudi Homa Bay kesho yake. Atieno alikuwa ameniwekea chakula chini ya sahani, na hakuniacha hata ninawe. Akaketi kitandani, akashika mikono yangu yote miwili. "Mbasna, niangalie. Uliingia simba yake?" Nikasema niliingia. "Ulikuta mwanamke?" Nikasema, "Sikukuta mwanamke." "Wala vitu vya mwanamke?" Nikasema, "Sikuona hata leso." Akavuta pumzi, ndefu, akaiachia, na machozi yakamtoka kwa furaha, akaniangukia shingoni. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli. Ningeweza kuapa kwa Biblia mbele ya hakimu. Nilimkumbatia huku nikiyahesabu maneno yangu moja moja, nisikute hata moja la uongo, na nikajipongeza. Hapo ndipo ninapojichukia hasa: si kwamba nilisema, ni kwamba nilijipongeza.

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Ng'ombe wakaswagwa toka Kisegi mpaka Uriri, na kabla mwezi haujaisha kaka yake Atieno akawachukua ng'ombe wale wale akaenda kuposea mke wake mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwetu, ng'ombe wa dada hawazoei zizi. Odera akasema pete ya kanisani itafuata baada ya mavuno. Atieno alijishonea gauni lake mwenyewe kwenye ile cherehani, nyeupe, lenye marinda manane, na mimi nikapinda pindo. Nilipinda vizuri kuliko nilivyowahi kupinda maishani mwangu. Aliniambia, "Unaona, mbasna? Ukitaka unaweza." Asubuhi alipoondoka alinifundisha namna ya kulegeza uzi ukikaza, akaipangusa meza ya cherehani kwa kiganja, akaenda zake. Hata lori halijapinda kona ya soko, nami nimeketi.

Habari zilifika baada ya wiki tatu, zikaletwa na mama mmoja muuza samaki aliyekuja kununua kitambaa. Aliyasema barazani kwa sauti ya sokoni, kama mtu anayetoa habari za mvua. Kwamba yule msichana wenu aliyeolewa Kisegi, siku ya tatu, yuko jikoni kwa mama mkwe, akaingia mwanamke na mtoto mgongoni, akatua kikapu, akasema amerudi nyumbani kwake. Kwamba msichana alifunga sanduku aende kwao, akafika mpaka Sindo, ndipo akakumbuka ng'ombe wameshakuwa mke wa kaka yake. Akienda, itabidi yule naye arudishwe, na tayari ana mimba. Akageuka. "Amekaa," yule mama akasema. "Atafanyaje? Na pete haiko. Kanisa gani itavisha bibi ya pili?" Nilikuwa nashona kaptula ya mwanafunzi. Sindano iliingia kidoleni, nikaiona ikiingia, nisihisi kitu.

Mama yule alipokwenda, Bi. Zena alinijia akasimama mbele ya cherehani. "Si wewe ndiwe uliyekwenda kutazama?" Nikamwambia ndiyo, nikamwambia na jibu langu lote, kama nilivyomwambia Atieno: niliingia, sikukuta mwanamke, sikuona leso, ni kweli tupu, Bi., hata neno moja la uongo sikusema. Nililisema upesi, kama mtoto anayesoma shairi la shule. Akanitazama. "Ulijua?" Nikaiinamia kaptula. "Basi ndiyo hiyo," akasema. "Jina lake nilikupa." Nilidhani atanifukuza; nilitamani anifukuze. Akasema tu, "Malizia kaptula ya watu." Nilikaa katika nyumba ile miaka mingine sita, nikawa fundi, nikala pilau kila Ijumaa. Hakuniita mjanja tena, wala sikumsikia tena akinichekea kile kicheko chake.

Mwisho wa mwaka nilikwenda Kisegi. Nilijitayarishia maneno njia nzima. Nilitaka Atieno anitukane, anipige kofi, anivue kitambaa mbele za watu. Baada ya hapo ningelia, naye angelia, tungeendelea. Nilimkuta anaanika omena, tumbo limeanza kuonekana. Aliponiona aliosha mikono. Akaleta kiti chenye mgongo. Akaleta maji ya kunawa katika bakuli, akapiga goti kunimiminia, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. "Karibu, jagam," akasema. "Umetembea vizuri, jagam? Nyumbani hawajambo?" Akanipikia samaki mzima, akanipakulia kichwa, akasimama pembeni nikila. Nilisema, "Atieno, nisikilize..." Akasema, "Kula, jagam, samaki akipoa si mzuri." Nikamaliza samaki yule mfupa kwa mfupa. Maneno yangu niliyoyatayarisha nikarudi nayo Homa Bay.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Hakunichongea kwa mtu. Watoto wake walipozaliwa niliitwa, walipooa niliitwa, na kila mara nilikalishwa mbele, jagam huyu, jagam yule, heshima mpaka nikachoka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, maana mwongo hukamatwa, akapigwa, yakaisha. Yangu mimi imekuwa ndefu kuliko barabara ya kwenda Nairobi, na hakuna aliyenikamata njiani. Odera akafa, nikaenda kumlilia. Nilikuwa nikijiambia, kesho nitamwambia Atieno neno moja tu, nilijua, basi. Kesho yenyewe ikawa siku Achieng' aliponipigia simu.

Kwenye mazishi nilipewa kipaza sauti. Niliwaambia waombolezaji kwamba Atieno alikuwa fundi hodari, kwamba tulilala kitanda kimoja, kwamba nilifika boma hili nikalikuta ni boma zuri lenye ghala mbili zilizojaa. Watu wakaitikia, wengine wakapiga makofi. Nikarudi kitini, ndipo niliposikia nilichokifanya. Nilikuwa nimewafanyia tena, mbele ya jeneza lake, na bado bila neno la uongo. Nikaona, hapana, siwezi kuondoka hapa hivi. Atieno hasikii tena, lakini yuko mtu mmoja aliyebaki ambaye naweza kumwambia.

Huyo ni Awuor, mke wa kwanza wa Odera. Bado yu hai, amenizidi miaka miwili au mitatu, macho yamefunikwa na ukungu lakini masikio yako timamu. Nilimkuta nyumbani mwake, ameketi mkekani peke yake, watu wote wako kwenye chakula. Nikashuka chini kwa shida, nikaketi karibu naye. "Mama Okoth," nikamwambia, "nimekuja kusema kitu. Siku ile nilipokuja kuangalia boma, nilijua. Niliona sakafu ya simba, niliona mkono wa mtoto. Nilijua kuna mke, nikamficha Atieno. Nilitaka kazi yake. Nimemkosea Atieno maisha yake yote na sikumwomba msamaha." Nikalia, kilio kibaya cha kizee, cha kamasi. Nilingoja aseme basi, nyamaza, ni mambo ya zamani.

Alivuta uzi uliochomoza kwenye mkeka. "Unamlilia Atieno," akasema. "Atieno tulilima pamoja, tukazika mzee pamoja. Watoto wake wananiita mama. Mimi na yeye tulimaliza." Akageuza uso upande wangu. "Unajua siku hiyo nilikuwa wapi?" Nikasema niliambiwa alikuwa kwao. "Kwetu! Kwetu wapi? Kwetu walinipeleka baadaye. Siku hiyo nilikuwa hapo nyuma, kwa mtama. Walinitoa asubuhi na vitu vyangu vyote, wakaniambia nikitokeza kichwa, nisirudi tena. Okoth alikuwa analia njaa, nikamfunga mdomo na mkono hivi. Nilikuona ukiingia na mzee. Nikaona umesimama kwa mlango, husongi. Nikajua umejua. Nikasema Mungu wangu, asante, huyu ni mwanamke, sasa ataniita. Akiita mara moja tu mimi natoka, na mtoto wangu, mbele yao wote."

Nilitaka kumshika mkono, nikashindwa. Miaka yote ile, katika sala zangu zote, jina lake sikuwahi kulitaja hata siku moja.

"Nilingoja mpaka jua likaenda huko," akasema. "Nilingoja uite."

"Mama Okoth," nikasema, "sikujua jina lako."

"Hukuuliza," akasema.